Maji ya Zamu ya Nne

Soweto, Moshi
3 Agosti 2024

Shikamoo Mwalimu Eliezeri,

Mimi ni Loveness wa Tabitha, jirani yako wa chini kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji. Ni yule aliyekuwa akipita mbele ya nyumba yako kwenda shule na sweta la kijani lililotoboka kiwiko. Sasa nipo chuoni hapa mjini, mwaka wa kwanza, uhandisi wa umeme. Juni nilifeli somo moja, lile linalochanganya hesabu za juu na fizikia. Tarehe 9 Septemba narudia mtihani. Nikifeli tena nadisko, ndivyo tunavyosema chuoni, yaani jina linafutwa nami narudi nyumbani na godoro langu kichwani.

Mama hajui. Anadhani nimebaki mjini kwa mafunzo ya vitendo. Nakuomba sana umwache aendelee kudhani hivyo.

Kijijini wote wanasema fizikia ya ile sekondari ya ng'ambo ya korongo ilikuwa mikononi mwako miaka thelathini. Nilikupigia simu Jumatano, ukasema haloo mara tisa ukakata. Picha ya swali haiwezi kuingia kwenye kitochi chako. Basi Priska, anayeshusha ndizi soko la Kiboriloni Jumanne na Jumamosi, amekubali kubeba bahasha zetu.

Swali lenyewe: tangi lenye kuta zilizonyooka lina maji ya kina h, na chini lina tundu. Kina kinapungua kwa kasi inayolingana na kipeuo cha pili cha h. Tafuta kina baada ya muda t. Ndani yake kuna dh/dt, na mimi nikiiona dh/dt nasikia usingizi.

Nitumie jibu tu, Mwalimu. Kulielewa nitajua mwenyewe.

Wako,
Loveness


Old Moshi
5 Agosti 2024

Mjukuu wangu Loveness,

Marahaba. Sweta nalikumbuka, na kiwiko pia. Siri yako imefika mahali salama. Hata mke wangu nimemwambia hii ni barua ya kamati ya mfongo, na hakuna mtu anayetamani kusoma barua ya kamati.

Jibu sitakutumia. Nina maswali matatu.

La kwanza: hiyo d iliyokaa mbele ya h inafanya kazi gani? Usiniandikie maneno ya kitabu. Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kabisa.

La pili: kwa nini kipeuo cha pili? Kwa nini maji yakibaki nusu yasitoke kwa nusu ya kasi, mambo yakaisha?

La tatu: umewahi kukaa ukaangalia bwawa likiisha, tangu koki inafunguliwa mpaka tope linaonekana? Mimi nina miaka sabini na mbili, naishi hatua themanini kutoka bwawa letu, na leo nimegundua kwamba sijawahi. Zamu yangu ni ya kwanza. Ikiisha nafunga mlango wangu wa maji narudi kunywa chai. Alhamisi nitakaa mpaka mwisho nione.

Salamu na baraka,
Eliezeri


Soweto
6 Agosti 2024

Shikamoo Mwalimu,

Samahani, lakini wewe ni mwalimu au polisi? Nimeomba jibu moja, nimepewa maswali matatu. Priska ananingoja nimalize, mkungu wake wa mwisho umeshanunuliwa, kwa hiyo naandika haraka.

La kwanza. Hiyo d ni badiliko dogo. dt ni muda mfupi, kama kupepesa jicho, na dh ni kiasi maji yalichoshuka wakati unapepesa. Ukiuliza dogo kiasi gani, ni dogo kuliko lolote utakalolitaja. Ukigawa moja kwa jingine unapata maji yanashuka kwa kasi gani sasa hivi, si kwa wastani wa asubuhi nzima. Nimeandika hayo nikashika kalamu juu, maana mwalimu wetu aliyasema mara ishirini na mimi ndiyo kwanza nimeyasikia, tena kutoka kwangu mwenyewe.

La pili. Tone linalotoka chini lina kasi kama limedondoka kutoka juu ya maji. Na kitu kinachodondoka, ukitaka kasi yake iwe maradufu, lazima ukidondoshe kutoka juu mara nne. Ndiyo maana ya kipeuo. Nadhani. Nimelikunia kichwa tangu Priska anipe bahasha.

La tatu. Mimi sijawahi, ila Mama hukaa hapo kila zamu, ndiye wa nne na wa mwisho. Anasema maji yakimfikia yameshachoka. Anasema Mama Theodora wa zamu ya tatu anamwibia, anatoboa kingo. Hawasalimiani tangu nikiwa darasa la tatu. Mmoja Mlutheri, mwingine Mkatoliki, kwa hiyo hata ibadani hawalazimiki kupeana mikono.

Sasa nipe jibu!

Loveness


Old Moshi
9 Agosti 2024

Mjukuu wangu,

Haika, asante sana kwa d. Nimeielewa vizuri sana.

Jana nilikaa. Bwawa unalijua, tangu lilipojengewa simenti miaka kumi na moja iliyopita kuta zake zimenyooka kama za tangi lako. Usiku linajaa, alfajiri tunafunga maji yanayoingia, tunafungua koki ya chini. Nyumba nne, saa mbili, kila nyumba nusu saa. Gidioni ndiye mwenye saa na filimbi, na dakika moja ikizidi watu wanakaribia kushikana mashati. Nilisimamisha mti ndani ya maji, nimeupiga alama za sentimita kwa msumari. Nikamwomba Gidioni anipigie mluzi kila dakika kumi. Aliniuliza kama naumwa.

Mwanzo kina kilikuwa 144. Kila baada ya dakika kumi nikasoma: 121, 100, 81, 64, 49, 36, 25, 16, 9, 4, 1. Kisha tope. Mawimbi yaliponisumbua niliandika namba nzima iliyo karibu, usinihukumu.

Nimezitazama namba hizi jioni nzima. Dakika kumi za kwanza maji yameshuka 23, zilizofuata 21, kisha 19, kisha 17. Yanapungua mbilimbili mpaka mwisho, bila kuruka hata mara moja. Nani kayapanga? Nimekula ugali umepoa. Niambie wewe.

Eliezeri


Soweto
13 Agosti 2024

Shikamoo Mwalimu wangu,

Nimepiga kelele mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta.

Tazama! 144 ni kumi na mbili mara kumi na mbili. 121 ni kumi na moja mara kumi na moja. 100 ni kumi mara kumi. Kina chenyewe kinashuka ovyo, ila kipeuo chake kinashuka moja, moja, moja, kila dakika kumi, mpaka sifuri! Nikarudi kwenye swali la chuo. Nikaweka h zote upande mmoja na t upande wa pili, nikajumlisha vile vibadiliko vidogo, na ikatoka palepale: kipeuo cha h kinapungua sawasawa na muda. Kwenye karatasi na kwenye bwawa letu, jambo moja.

Nimefanya maswali sita ya aina hiyo bila kufungua majibu ya nyuma. Matano nimepata. La sita nilikosea kwa haraka zangu tu.

Wanafunzi wako walikuwa na bahati, Mwalimu. Wiki hii tuingie kwenye springi na mizigo inayoning'inia, huko ndiko nilikopata sifuri mwezi wa sita.

Wako kwa furaha,
Loveness


Soweto
24 Agosti 2024

Mzee Eliezeri,

Shikamoo.

Darasani kwetu kuna kijana anaitwa Rogath, anatoka ng'ambo ya korongo, alisoma kwenye ile shule. Jana nilimwonyesha barua zako kwa majivuno. Akasoma jina, akacheka. Akasema, "Eliezeri? Yule mzee wa maabara? Alikuwa anaosha chupa na kufungia betri kabatini."

Nikamwambia amekuchanganya na mtu mwingine. Akaniambia mpaka rangi ya koti lako la kazini.

Kwa wiki tatu nimewaambia wenzangu nina mwalimu wa miaka thelathini. Wamekaa pamoja na kusoma, mimi nimejifungia na barua zako. Mtihani umebakiza siku kumi na sita. Mimi nimekueleza siri ambayo hata mama yangu mzazi hajui, na wewe umeshindwa kuniambia ulifanya kazi gani?

Barua yako ya springi na jiwe Priska ameileta. Sijaifungua.

Loveness


Old Moshi
26 Agosti 2024

Loveness,

Rogath amesema kweli. Kazi yangu iliitwa msaidizi wa maabara. Nilipanga vifaa asubuhi, mwalimu akaingia kufundisha, mimi nikasimama mlango wa nyuma nikingoja kukusanya. Miaka thelathini na moja nimeona kila jaribio likianza. Somo sikuwahi kulisikia mpaka mwisho, kwa sababu chupa za kidato kingine zilikuwa zinaningoja. Watu wa huku juu wakaniita mwalimu. Nilikataa mara mbili, tatu, halafu nikazoea nikawa naitika.

Barua yako ya kwanza ilinifurahisha kupita kiasi, na furaha hiyo ndiyo iliyonikosesha akili. Nilipokuuliza d ni nini, sikuwa nakupima. Nilikuwa sijui. Nina kitabu kimoja kilichotupwa na shule, mchwa wamekula sura mbili za mwanzo, nami nimekuwa nikisoma kurasa nne tano mbele ya barua zako, nikikwama nakuuliza wewe. Nimekukosea, maana muda niliouchezea ni wako. Naona aibu na nakuomba radhi.

Kabla hujaacha kuniandikia, kuna swali moja sina mwingine wa kumwuliza. Bwawa lilelile, saa mbili, nyumba nne, kila nyumba nusu saa kwa filimbi ya Gidioni. Je, kila nyumba inapata sentimita ngapi za maji? Na kama nyumba zote zinataka maji sawa, kila moja ifungue dakika ngapi?

Sehemu ya kwanza nimeifanya, na jibu lake silipendi. Ya pili imenishinda.

Eliezeri


Soweto
31 Agosti 2024

Shikamoo Babu,

Siku tatu sikugusa kitu. Siku ya nne nilichukua barua zako zote na kalamu nyekundu, nikatafuta mahali ulipoandika uongo wa hesabu nikuumbue. Sikupata. Hakuna hata jibu moja ndani yake, ni maswali matupu, na majibu yote yana mwandiko wangu. Hasira zikaniishia. Zimebaki kidogo, hizo utanivumilia.

Ile ya springi nimeifungua. Umeuliza kwa nini jiwe linapita pale lingepaswa kusimama. Swali zuri, limenitesa, na nimelipata.

Sasa lako. Nusu saa ya kwanza maji yanashuka kutoka 144 hadi 81, yaani 63. Ya pili 45. Ya tatu 27. Ya nne 9. Kwa kifupi, ukigawa zote kwa tisa, nyumba ya kwanza inapata saba, ya pili tano, ya tatu tatu, ya nne moja. Dakika ni zilezile. Nilikaa nikifurahia mpangilio wake, saba, tano, tatu, moja, ndipo nikakumbuka ni nyumba za nani.

Ya kwanza ni yako, Babu. Ya nne ni Mama.

Mama Theodora hajaiba hata ndoo. Hakuna aliyeiba. Miaka yote hiyo mmelinda dakika kwa filimbi, na maji hayakuwa kwenye dakika.

Wakitaka kupata sawa, kila mmoja 36: wa kwanza afungue dakika 16, wa pili 19, wa tatu 25, wa nne 60. Jumlisha, ni saa mbili kamili. Nimeirudia mara nne kwa sababu ile sitini sikuiamini.

Kazi yote nimeiandika kwenye karatasi ya pili, ya chuo. Ipeleke kwenye mkutano wa mfongo ukitaka. Ila jina langu likate. Mama akijua nimekaa mjini kurudia mtihani sijui nitaweka wapi uso wangu. Niache kwanza nimalize.

Mjukuu wako,
Loveness


Old Moshi
3 Septemba 2024

Mjukuu wangu,

Nilijua tangu nilipotoa 81 kwenye 144. Nilitumaini nimekosea, ndiyo maana nikakuletea wewe.

Mkutano ni Ijumaa. Jina lako nimelikata kwa mkasi pamoja na kichwa cha karatasi ya chuo. Mke wangu anauliza kwa nini tukate zamu yetu karibu nusu wakati hakuna aliyetulalamikia. Nikamwambia amelalamika mtu miaka kumi na moja, ila alimlalamikia asiyehusika. Chai leo nimejipikia.

Usiniandikie tena mpaka mtihani upite. Hakuna swali langu litakalokufaa kuliko usingizi sasa. Najivunia wewe na ninaogopa pamoja nawe.

Babu yako,
Eliezeri


Soweto
21 Septemba 2024

Shikamoo Mama,

Kaa chini kwanza usome.

Sikuwa kwenye mafunzo ya vitendo. Mwezi wa sita nilifeli somo moja, nikabaki mjini kulirudia, na kama ningefeli tena ningefukuzwa. Jana matokeo yamebandikwa. Nimepata 58. Nimebaki chuoni, Mama. Mwaka wa pili nauanza mwezi ujao.

Swali la tatu lilikuwa la tangi linaloisha. Nilipolisoma, nikaona mti wa Mzee Eliezeri na alama za msumari. Ndiye aliyenisaidia muda wote huu, kwa barua. Usimlaumu kwa kunyamaza, mimi ndiye niliyemwomba.

Nisamehe. Niliogopa. Wewe kila mtu njiani unamwambia mwanangu anasomea umeme, nikashindwa kukutamkia neno nimefeli. Simu nilishika mara nyingi, nikaishia kukuuliza habari za ng'ombe.

Mwanao,
Loveness


Old Moshi
24 Septemba 2024

Loveness mwanangu,

Marahaba. Priska amenikabidhi barua yako nikiwa nakamua, nimeisoma ndoo ikiwa kati ya magoti. Hamsini na nane. Nimeimba mpaka ng'ombe akageuka kunitazama. Hongera mwanangu, hongera sana.

Lakini hayo mengine niliyajua.

Mzee Eliezeri alisimama mkutanoni na karatasi iliyokatwa juu, akasema imefanywa na mtaalamu wa mjini. Gidioni alipinga sana, nusu saa ni nusu saa, mbona tunaletewa uchawi. Mzee hakubishana. Kesho yake alfajiri alituita wote bwawani na ndoo moja. Zamu yake ilipoanza ndoo ikajaa kabla Gidioni hajamaliza kusema. Zamu yangu ilipoanza, ndoo ileile tukaingojea mpaka Theodora akakaa chini. Basi ikapitishwa, tujaribu kwa mwezi.

Ile karatasi ilizungushwa mkutanoni kila mtu aione. Ilipofika kwangu nikakuta ile nne yako, inayofanana na kiti kilichopinduliwa. Tangu darasa la kwanza naijua nne hiyo. Na chini kabisa umejiandikia: zoezi la marudio, siku tisa. Mzee alikata juu, chini hakutazama. Nikampa jirani karatasi, nikashona mdomo.

Mtihani wako ulibakiza siku tatu. Ningekupigia ningelia, nawe ungelia, ungeingia kwenye mtihani macho yamevimba. Basi kila jioni nilishika simu, nikakujibu habari za ng'ombe. Usifikiri kuficha unajua peke yako.

Jumamosi iliyofuata nikapata saa yangu nzima. Nilisimama na jembe nikitazama juu, nikingoja filimbi inikatize. Haikulia. Maji yalifika mpaka migomba ya mwisho kule chini. Jumapili nikachuma jani la sale nikaenda kwa Theodora kuomba msamaha, maana sale halikataliwi. Alilipokea akasema, "Tabitha, miaka kumi na moja!" Nikasema ndiyo, ni kumi na moja. Akalia, nikalia, tukala kiburu chake cha ndizi na maharage. Anakusalimia.

Sasa nikuambie kilichoniuma. Si kufeli. Watu wanafeli. Kilichoniuma ni kwamba miezi mitatu ulilala na jambo hilo peke yako huko Soweto, na mimi nipo hapa juu nakusifia kwa watu. Na nimejua kwa karatasi ya mkutano, nikiwa nimekaa kati ya Gidioni na Theodora, siwezi hata kuinuka nitoke nje. Siku nyingine ukifeli kitu, kikubwa au kidogo, nipigie siku hiyohiyo. Nitapiga kelele, hilo sikufichi. Nikimaliza kupiga kelele nitashuka mjini nije tukae wote.

Mama yako,
Tabitha